Mishipa ya Jicho Lililobaki

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aligundua kwa sababu ya uzi wa kijani kwamba jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa nusu. Alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana yake ya ushonaji kule Cibitoke, mtaa mmoja wa Bujumbura, penye mwanga mzuri wa asubuhi, anatarizi shingo ya kanzu ya bwana harusi. Mdudu alimpitia usoni upande wa kulia. Akafumba jicho hilo, na uzi ukapotea. Akalifumbua, uzi ukarudi. Akalifumba tena, akalifumbua tena, bila papara, kama mtu anayejaribu taa. Kisha akaikunja ile kanzu ndani ya kitambaa safi, akanawa mikono, akanipigia simu.

"We uko kazini?"

"Niko, Mama Mukubwa."

"Ukipata nafasi unipeleke kwa dokta wa macho. Apana leo-leo kama uko na kazi. Lakini kesho usikose."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Mama mkubwa hakuwa mtu wa kuomba kusindikizwa. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akiishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana, na alishona nguo za harusi za familia nyingi za Kiislamu za mjini, kuanzia mafundi magari wa Mutakura hadi wafanyabiashara wa asili ya Kiarabu wenye maduka Rohero, ambao walimtumia gari kila walipokuwa na bibi harusi. Hakuchora nakshi kwa kalamu kabla ya kutarizi. Aliigawa shingo ya kanzu kwa upana wa kidole gumba chake, akaanza, na nakshi ya kulia ikaja kukutana na ya kushoto katikati ya kifua bila kubanana wala kuachana. Nimewaona watu wengi wakifanya kazi zao vizuri. Sijaona aliyefanya kwa utulivu kuliko yeye.

Jambo moja tu lilikuwa likimshinda, nalo ni shinikizo la damu, ambalo sisi Bujumbura tunaliita tansiyo. Alikunywa dawa za aina tatu, akazinywa kwa saa yake, na bado kila alipopimwa muuguzi alikunja uso. Kwa hiyo ukoo mzima ukawa polisi wa chumvi. Mama yangu alipofika kwake alifunua sufuria kabla hajaketi, akitafuta ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani wanaokaushwa kwa chumvi.

"Funua," mama mkubwa alimwambia. "Na godoro ufunue pia, labda nimewaficha chini."

"Sasa kama hukuli chumvi, tansiyo inatoka wapi?"

"Inatoka kwako. Ukiingia tu mi nasikia inapanda."

Alikuwa ameacha chumvi kweli. Nililijua hilo kwa sababu nilikula kwake mara nyingi, na mboga zake zilikuwa hazina ladha yoyote. Lakini vipimo viliendelea kuwa vibaya, na mtu ambaye vipimo vyake ni vibaya haaminiki.

Kwa daktari wa macho, katika jengo moja la ghorofa pale Rohero, alitiwa matone ya kupanua mboni, tukaambiwa tusubiri kwenye benchi la ukumbini. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Kulikuwa na joto, feni ilikuwa inazunguka polepole, na watu walikaa kimya kama watu wanaongoja kwa daktari. Mama mkubwa aliegemeza kichwa ukutani. Kabla sijamaliza kuzima mlio wa simu yangu alikuwa amelala, na mara akaanza kukoroma.

Mlio ulianza chini, kama paka anayefurahi, kisha ukakua mpaka ukawa kama meza nzito inayoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Watu walitabasamu. Bwana mmoja aliyekuwa na bandeji jichoni alisema, "Huyu mama amechoka sana, sha." Ndipo mlio ukakatika. Nilidhani ameamka. Nilipogeuka niliona kifua chake kinapanda na kushuka, kinahangaika, lakini hakuna hewa iliyokuwa ikiingia wala kutoka. Midomo yake ilibadilika rangi. Nilinyoosha mkono nimtikise, na sauti nyuma yangu ikasema, "Ngoja kidogo."

Alikuwa daktari. Alikuwa ametoka kumwita mgonjwa mwingine, akabaki amesimama mlangoni na faili mkononi. Mama mkubwa alishtuka, akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini, akameza mate, akaendelea kulala bila kufumbua macho. Kukoroma kukaanza upya. Kisha kimya kile kikarudi. Daktari alitazama mizunguko miwili zaidi, kisha akaja mwenyewe, akamgusa bega.

"Mama, karibu ndani."

Alimchunguza kwa muda mrefu kwa taa yake. Alipomaliza alizungumza moja kwa moja. Mshipa mmoja unaorudisha damu nyuma ya jicho la kushoto ulikuwa umeziba, na damu ilikuwa imevuja kwenye utando unaopokea picha. Angempa matibabu ya kupunguza uvimbe, lakini sehemu kubwa ya kilichopotea isingerudi.

"Na hili?" Mama mkubwa aliweka kidole chini ya jicho la kulia.

"Hilo halijaziba. Lakini mishipa yake imekonda, imekaza. Mama, jicho ni mahali ambapo naweza kuiona mishipa ya damu ya mtu bila kumupasua. Ninachokiona hapa najua kiko hata sehemu zingine, kwenye moyo, kwenye kichwa. Tansiyo yako lazima ishuke. Ikibaki vile, siwezi kukuahidi kitu juu ya jicho hili."

Nilijua mama mkubwa anahesabu nini kichwani: kanzu, magauni, mikono ya mabuibui, kila kilichokuwa kimekunjwa kwenye rafu kikingoja sindano yake. Fundi wa nakshi mwenye jicho moja bado ni fundi. Akilipoteza na hilo, amekwisha.

"Unakoromaka?" daktari aliuliza.

"Mi ni mwanamuke, dokta."

"Nimeuliza kama unakoromaka."

"Wanaume ndiyo wanakoroma."

"Mama, umekoroma hapo nje watu wote wamesikia. Na kukoroma si neno. Neno ni kwamba pumzi inakatika."

Aligeuka kunitazama kwa mboni zake zilizopanuka kama za paka gizani. "Na we ulikuwa pale umekaa?"

"Nilikuwa."

"Umeniacha tu? Mbele ya watu?"

"Dokta alinikataza nisikuamushe."

"Yee!" alisema, akavuta mtandio mpaka puani.

Katika teksi ya kurudi Cibitoke ndipo aliponieleza jambo ambalo ukoo wetu ulikuwa umelikosea kwa miaka. Kwetu, mkesha wa harusi, wanawake wa nyumba hulala pamoja katika chumba kimoja na bibi harusi, magodoro yamepangwa ukuta hadi ukuta. Mama mkubwa alimshonea bibi harusi, akampaka hina, akacheka na wenzake, na watu walipoanza kutandika alisema kuna kazi ameiacha mezani, akaondoka. Alfajiri alikuwa amerudi na sindano zake, amevaa vizuri. Wenzake walisema anajisikia. Walisema magodoro yetu hayamtoshi, amezoea ya Waarabu wa mjini. Baadhi yao waliacha kumwalika.

"Bora waseme najivuna," aliniambia akitazama nje ya dirisha, macho yamemjaa maji kwa sababu ya matone na mwanga. "Mwanamuke wa kukoroma wanamuchekaka mpaka kaburini."

Daktari wa macho alikuwa amempa barua kwa mwenzake anayetibu mapafu. Huyo alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi, na nadhani hilo lilisaidia. Alimwazima kifaa kidogo cha kulala nacho, chenye mrija wa puani, mkanda wa kifuani na kibanio cha kidoleni. Kesho yake tukakirudisha. Alisoma mistari kwenye kompyuta yake, akatugeuzia kioo tuione. Mstari wa hewa ulikuwa unapanda na kushuka, kisha unalala chini kama barabara, kisha unaruka. Chini yake mstari wa oksijeni ulikuwa unaporomoka kila mara ule wa juu unapolala. Hivyo hivyo ukurasa mzima, na kurasa zilikuwa nyingi.

Alieleza kwa lugha rahisi, na nilimpenda kwa hilo. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa watu wengine inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Ugonjwa huo Kifaransa kinauita apne ya usingizi. Oksijeni inapungua, mwili unaogopa kama mtu anayezama, moyo unakimbia, mishipa ya damu inajikaza. Mtu anashtuka nusu, anavuta hewa, analala, na yote yanaanza upya. Usiku ndio wakati ambao mishipa inatakiwa ilegee ipumzike. Ya kwake ilikuwa inapigwa usiku kucha, na asubuhi inaamka imechoka. Ngozi laini iliyo ndani ya mshipa, ile inayouambia mshipa ulegee, inaharibika kidogo kidogo. Dawa tatu zinaivuta tansiyo chini mchana, na koo linaisukuma juu usiku.

Mama mkubwa alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa mtandio wake kati ya vidole viwili, kama alivyoshika kila kitambaa alichokuwa akikifikiria.

"Ni kama nguo inayovutwa kwenye mshono uleule kila siku," alisema. "Uzi haukatiki. Lakini kitambaa pembeni ya mshono kinalegea, kinakuwa chembamba, siku moja unainama tu, kinapasuka."

Daktari akauliza, "Naweza kuwaambia hivyo wagonjwa wengine?"

"Waambie. Lakini usiseme ni mi."

Dawa yake ilikuwa mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge. Binamu yangu anayeishi Ubelgiji aliipata huko, ikafika ndani ya sanduku la nguo za watoto, na daktari akaipima na kuipangia nguvu ya kupuliza. Tulidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Baada ya siku chache nilimkuta karakanani na jicho la kulia limekuwa jekundu, linatoa machozi. Hewa ilikuwa inavuja juu ya barakoa na kumpuliza jichoni usiku kucha. Jicho lenyewe lile. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa gazeti juu ya kabati.

"Sivai tena," alisema. "Munataka kuokoa mishipa ya nyuma, munakausha jicho mbele. Mi niko na jicho moja tu ya kuchezea?"

Mama yangu, aliyekuwa ameacha upolisi wa chumvi na kuanza upolisi wa mashine, alianza kulalamika. Mimi nilikuwa na wasiwasi kweli, kwa sababu sasa nilijua ule mstari unalala mara ngapi. Nilimwomba anionyeshe tu anavyoivaa. Alikataa, kisha akaona afadhali anionyeshe kuliko kusikia kelele za dada yake. Akaketi kitandani, ilikuwa baada ya swala ya alasiri, akaichukua barakoa, akaifunga.

Kosa lilikuwa wazi pale pale, na lilikuwa kosa la nyumba kama zetu. Kwenye kile kijitabu cha mashine hakuna picha ya mwanamke aliyelala amefunika kichwa. Mama mkubwa hajawahi kulala kichwa wazi maishani mwake. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha kulalia, kile cha kuteleza kinacholinda misuko, na juu yake ndipo akapitisha mikanda ya barakoa. Kila alipogeuza shingo mikanda iliteleza kwenye kitambaa na barakoa ikapanda puani. Kwa kuwa ilikuwa ikiteleza, aliikaza. Kwa kuwa aliikaza, ilimkata shavuni na kujikunja juu, kwenye jicho.

"Vua kitambaa," mama yangu alisema.

"Vua chako kwanza."

Aliivua barakoa, akaiweka ile mikanda mapajani. Kisha alifanya kile ambacho ningekitazama siku nzima kama ningeruhusiwa. Aliacha kuiangalia kama dawa, akaiangalia kama nguo isiyomkaa mtu. Alinyoosha mkanda mmoja mmoja, akaona unavutika upande gani na haufai kuvutwa upande gani. Alipima kichwa chake kwa utepe, kutoka kisogoni hadi utosini, sikio hadi sikio, akaniamuru nishike ncha. Akachukua pamba nyepesi isiyoteleza, akakata kofia ya kulalia yenye nafasi ya misuko nyuma, na pembeni akashona vijia vya kitambaa ambamo mikanda hupita na kutulia mahali pake. Barakoa yenyewe hakuigusa kwa mkasi. Alisema kitu cha mwenzako humrekebishii bila kumuuliza.

Alipoivaa na kuiwasha alilala chali, akageukia kulia, akageukia kushoto, akaninyooshea mkono niuweke wangu juu ya shavu lake, chini ya jicho. Hakukuwa na hewa. Tuliipeleka kofia kwa daktari wa mapafu, akaitazama ndani na nje, akasoma kumbukumbu za mashine, akasema uvujaji umepungua sana, aendelee nayo. Akaongeza kwamba pua ikikauka aweke maji yaliyochemshwa kwenye kibirika cha mashine.

Lilibaki suala la umeme, ambao kwetu huondoka unapotaka. Shemeji yake, fundi magari wa Mutakura, alileta batri na kifaa cha kuubadili umeme wake, akaviweka barazani chini ya dirisha, mbali na kitanda. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa huku akimtania mfululizo.

"Shemeji, sasa unalala kama Toyota."

"Toyota zako zinalala barabarani. Mi nalala kitandani."

"Nikufanyie na taa za nyuma? Mutu asikugonge?"

"Fanya kazi, we."

Aliivaa kila usiku. Sijui namna nyingine ya kulisifu jambo hilo ila kulisema hivyo. Nimewajua watu walioacha dawa za vidonge kwa sababu ya uchungu mdomoni. Yeye alifunga mrija usoni kila usiku, hata alipokuwa na mafua, hata katika Ramadhani alipoamka kula daku na kurudi kuivaa tena kwa usingizi mfupi wa asubuhi. Aliacha kusinzia kwenye cherehani. Alisema amekumbuka ndoto zinavyokuwa.

Na alianza kusema. Siku moja mama mmoja mteja alilalamika karakanani kwamba anaamka na kichwa kinamuuma kila asubuhi, na dawa za tansiyo hazimsaidii. Mama mkubwa alitoa pini mdomoni. "Unakoromaka?" aliuliza, wazi, mbele ya wanafunzi wake wawili na muuza vitenge aliyekuwa amepita. Yule mama alifanya kama hakusikia. "Mi nakoroma," mama mkubwa alisema. "Kama trakta. Waulize hawa. Na imekula jicho langu moja. Sasa nijibu vizuri." Yule mama alicheka mpaka akashika meza, kisha akasogeza kiti karibu, na nilitoka nje nikawaacha wazungumze.

Shinikizo lilishuka. Si kwa kishindo, na si siku moja. Kwanza liliacha kupanda, kisha likashuka kidogo, na baadaye daktari wa mapafu akapunguza dawa moja kati ya zile tatu. Nilimuuliza kama ni mashine ndiyo iliyofanya hivyo. Hakukubali kunipa jibu ambalo ningependa kulibeba. Alisema inasaidia, hasa kwa mtu anayeivaa usiku kucha, lakini tansiyo ina mambo mengi, na kwa mishipa iliyokwisha kuharibika asingeahidi. "Mashine haioshi mishipa," alisema. "Inaondoa kitu kilichokuwa kinaipiga. Mengine tunaangalia."

Kuangalia kulifanyika Rohero, kwa daktari wa macho, kipindi cha mvua kilipokuwa kinaisha. Familia moja ilikuwa imemwomba mama mkubwa mavazi yote ya harusi ya binti yao, gauni la bibi harusi na magauni ya dada zake, kazi ya miezi mingi, naye alikuwa amewajibu wangoje. Hakuwa tayari kuchukua kitambaa cha watu akakirudisha nusu.

Daktari alimulika jicho la kushoto kwanza, kwa muda mfupi. Kisha la kulia. Alichukua picha, akaiweka kando ya picha ya zamani, akasogeza kiti chake ili na mimi nione. Mishipa ilikuwa bado imekonda, michirizi myekundu kwenye uwanja wa rangi ya chungwa. Aliifuata kwa ncha ya kalamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho.

"La kushoto limebaki vile," alisema. "La kulia, sioni damu mpya. Sioni kilichoziba. Mishipa haijawa mizuri, lakini haijaendelea kuharibika."

"Haijaendelea," mama mkubwa alirudia.

"Haijaendelea. Utarudi, tutaangalia tena."

"Dokta, kuna kazi. Ya miezi mingi. Niichukue?"

Daktari alitazama picha zile mbili tena, na nilishukuru kwamba hakujibu haraka. "Ichukue," alisema. "Na mashine usiiache."

Tulitoka nje mchana mkali, mboni zake zimepanuka, ameshika mkono wangu na kuvaa miwani yangu ya jua. Nilitaka kutafuta teksi. Yeye alitaka duka la vitambaa. Ni duka la zamani, la familia ya Kiarabu iliyokaa mjini tangu kabla bibi zetu hawajaolewa, na mwenye duka alimjua kwa hatua zake.

"Assalamu alaykum, Mama Fundi. Leo umekuja kama mwanasinema."

"Wa alaykum salaam. Macho yana dawa, sioni hata pua yako, na Mungu nimushukuru kwa hilo. Uko na hariri nyeupe?"

"Niko nayo. Na rangi zingine zimefika, nikuonyeshe?"

"Rangi nitakuja kesho kuchagua mwenyewe." Aliweka mkono juu ya meza, akaupitisha juu ya jora alilofunguliwa, akasugua ukingo wake kati ya vidole viwili, akaupeleka karibu na sikio asikie unavyolia. "Leo nikatie hii nyeupe. Kata ndefu."